Mkutano Mkuu wa Mafundi Wasio na Kitambaa

Chama chetu cha mafundi cherehani kilikuwa na kila kitu isipokuwa nguo za kushona. Tulikuwa na mwenyekiti, makamu, katibu, muhuri wa mpira, na katiba iliyotangaza kwenye ibara ya kwanza kabisa kwamba lengo la chama ni kuinua ufundi. Ufundi wenyewe ulikuwa umelala chali. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, zile siku ambazo duka la Musoma lilikuwa na rafu zilizopanguswa vizuri, hazina kitu, na muuzaji ameketi nyuma ya kaunta kuzilinda zisiibiwe.

Mimi ndiye nilikuwa katibu. Sikuchaguliwa kwa busara, maana nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, wala kwa ufundi, maana zipu ya suruali ya kiume ilikuwa bado inanitoa jasho. Nilichaguliwa kwa mwandiko. Nilipanga chumba Makoko, karibu na ziwa, nikishonea cherehani aliyoniachia mama. Uzi niliupata kwa kufumua vipande vya nyavu zilizochakaa. Gauni nililoshona likilowa mvua lilinuka dagaa, lakini halikufumuka, na mteja aliyelalamika nilimwuliza kama anajua pengine penye uzi. Hakujua.

Basi siku moja ikaja barua kutoka kwa bwana mmoja wa ofisi ya mkoa, aliyekuwa anashughulikia vyama kama chetu. Barua ilisema kwamba chama ambacho hakijafanya mkutano mkuu hakitaingizwa kwenye mgao wa vifaa. Yaani ili tupewe kitambaa, ilibidi kwanza tukusanyike kutoka pande zote, Musoma, Bunda na Butiama, tukubaliane rasmi kwamba hatuna.

Mwenyekiti akaunda kamati ya maandalizi ya watu wanne. Yeye mwenyewe alikuwa mzee wa mjini, Mwislamu, fundi wa suti tangu enzi ambazo watu walishona suti. Makamu wake alikuwa fundi wa Manyamanyama, Bunda, mtu wa maneno mengi na baiskeli nzuri. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa Butiama, mkulima, Mkatoliki, aliyeshona sare za kwaya ya parokia yake na ambaye alikuja vikaoni na kibuyu cha maziwa, kwa hiyo hoja zake zilisikilizwa. Wa nne mimi, na mwandiko wangu.

Tulikaa vikao sita kupanga mkutano mmoja. Cha kwanza kilihusu chai.

"Mkutano bila chai ni msiba," alisema mwenyekiti.

"Hata msibani kuna chai, Ndugu Mwenyekiti," makamu akajibu.

Tukaazimia kuomba kibali cha sukari. Nikapeleka barua ofisini. Karani akaniambia niambatanishe muhtasari wa kikao kilichopitisha sukari. Nikasema karatasi zimeniishia. Nikaambiwa karatasi nazo zina kibali chake. Muhtasari ule niliuandika upande wa ndani wa mfuko wa saruji, kwa herufi nzuri za kulala, na yule karani aliupokea, akaupangusa saruji, akaugonga muhuri bila kucheka. Wote tulikuwa watu makini sana miaka ile.

Kikao cha pili, cha tatu na cha nne vilihusu mahali. Mwenyekiti alitaka Musoma kwa sababu ndiyo mji, na ina umeme. Makamu akauliza umeme huo ulionekana lini mara ya mwisho. Yeye alitaka Bunda, kwa kuwa ipo barabarani na malori yote ya pamba yanapita pale. Tulibishana mpaka sauti zikakauka. Mama wa Butiama alikuwa anashona kifungo cha blauzi yake tu. Alipomaliza akakata uzi kwa meno.

"Nyie watu wa mjini mnapanga mtakaa wapi," akasema. "Mimi huwa naangaliaga kwanza watu watakula nini. Kwetu kuna muhogo, kuna ulezi, maziwa yapo, na mbuzi nitatoa mmoja. Huko kwenu kuna nini?"

Musoma ikatazama Bunda, Bunda ikatazama Musoma. Mkutano ukapangwa Butiama. Sisi wa Musoma, ili tusionekane ombaomba, tukaahidi samaki. Shemeji yake mwanachama mmoja alikuwa mvuvi kisiwani Rukuba, na kweli akaleta kapu la sato wakavu, akipiga kasia njia nzima kwa sababu mafuta ya mashine yalikuwa yameshakuwa hadithi.

Sasa niseme juu ya koti la mwenyekiti. Wakati sisi wote tulikuwa tunavaa viraka juu ya viraka, yeye alikuwa anavaa koti la suti la kijivu, kola nyeupe imechomoza shingoni, vifungo vyote vimefungwa, katika joto lile la Musoma linalofanya hata mbuzi watafute kivuli. Hatukuwahi kumwona bila hilo koti. Alikuja nalo vikaoni, alikwenda nalo msikitini, alisimama nalo kwenye foleni ya sabuni kama balozi aliyepotea njia. Na mtu mwenye nguo nzuri, miaka ile, alikuwa na maelezo ya kutoa. Neno "mhujumu" lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Waliitwa hivyo walioficha bidhaa, na pia walioshukiwa tu na jirani.

Baada ya kikao cha tano makamu alinifuata nje.

"Katibu, hilo koti unalionaje?"

"Ni zuri."

"Zuri! Mgao wa mwaka juzi ulikuja marobota mawili. Sisi Bunda tuliletewa kanga saba na salamu. Kitambaa kingine kilikwenda wapi? Kipo mgongoni kwa mzee wako." Akaangalia huku na huku. "Nataka kusema mkutanoni. Maneno ninayo, ila mwandiko wangu unafanana na kuku aliyekanyaga majivu. Niandikie."

Nikasita. Akatoa mfukoni nusu mche wa sabuni, umefungwa kwenye gazeti. Ningependa kuandika hapa kwamba nilipambana na dhamira yangu. Nilipambana nayo kwa muda wa kunusa ile sabuni mara mbili. Nilikuwa naoga kwa majivu na majani ya mpapai, na huo ulikuwa mwezi wa tatu mfululizo. Nikaandika, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kazi safi nikamwongezea maneno makali ambayo hakuyafikiria. "Anatamba kwa jasho la wanyonge" lilikuwa langu.

Wala sikuandika kwa ajili ya sabuni tu. Niliamini. Kila nilipofumua nyavu usiku na mchana vidole vikichubuka, nilikuwa naliona lile koti.

Ijumaa tukapanda lori la mizigo lililokuwa linaelekea Bunda, tukashushwa njia panda ya Butiama, tukatembea. Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye lori karibu na kapu la samaki, koti limefungwa, uso umetulia kama hasikii harufu yoyote duniani. Njiani jua lilituwakia, sisi tukavua sweta na mitandio, yeye hakufungua hata kifungo. Tulipofika kwa yule mama alikuwa amelowa mpaka kwenye nyusi. Akapewa kitanda cha heshima. Asubuhi mwenye nyumba alinambia kwamba mzee alilala na koti lake, eti huku kuna baridi ya milimani.

Jumamosi mapema mbuzi akaletwa uani. Mama wa Butiama akamkabidhi mwenyekiti kisu.

"Wanaume wa kuchinja hapa wapo," alisema, "lakini nyie Waislamu tukiwachinjia wenyewe mtakula ugali mtupu. Chinja mzee, tule wote."

"Ahsante mama. Umefikiri vizuri."

"Vua koti kwanza."

"Koti halinizuii."

"Litaingia damu."

"Nimechinja miaka arobaini, mama. Najua damu inakwenda upande gani."

Mbuzi yule hakuwa amearifiwa. Alirusha miguu, wale walioshika wakateleza, na damu ikamwagikia mwenyekiti kuanzia kifuani hadi kwenye mkono wa kulia. Mama hakusubiri azimio. Akamshika mzee kiwiko, akampeleka ndani, akamwambia atoe koti sasa hivi kabla damu haijakauka. Halafu mlango ukafunguka kidogo, mkono mtupu ukatokeza na koti, na sauti ikasema, chini sana, "Mama, nisaidie kanga nijifunike."

Tukaliingiza koti kwenye beseni, mama na mimi. Nilipoligeuza ndipo nikaona. Hapakuwa na shati. Ile kola nyeupe ilikuwa imeshonewa kwenye shingo ya koti, pamoja na kipande cha kifua kisichozidi kiganja cha mkono. Kiasi kile tu ambacho mtu anakiona. Bitana ilikuwa ya gunia la sukari, imelainishwa kwa kufuliwa. Kitambaa chenyewe cha koti kilikuwa kimegeuzwa, upande wa nje umepelekwa ndani kwa sababu ulishachakaa, halafu mifuko ikashonwa upya ili mtu asijue. Mishono ilikuwa midogo kama mayai ya chawa, imenyooka, imeshonwa kwa mkono. Mimi na yule mama tulikuwa mafundi, tulijua tunaangalia nini. Hakukuwa na mtu mwingine katika mkoa mzima ambaye angeweza kazi ile.

"Huyu mzee," mama akasema polepole, "ametembeaga uchi miaka yote hii, na sisi tunamwamkia."

Alisimama, akafuta mikono, akaenda kwenye sanduku lake. Akatoka na mfuko wa unga wa ngano, ule wa kitambaa cheupe, uliokuja na chakula cha msaada parokiani. Akautandika mezani, akaukata kwa macho tu bila kumpima mtu, mimi nikakanyaga cherehani. Kabla maji ya chai hayajachemka, chai ya maziwa bila sukari, shati likawa tayari. Kasoro yake moja. Mgongoni lilikuwa na maandishi makubwa ya bluu, ya Kiingereza, kwamba bidhaa hii ni msaada na isiuzwe.

"Nimeyafua miezi mitatu yamegoma," mama akasema. "Si kitu. Mwenyekiti anakaaga anaangalia watu. Mgongo atauona nani?"

Mzee alilivaa, akatoka, akatushukuru kwa kuinamisha kichwa. Kisha akaniita pembeni. "Binti, hili la koti lisiingie kwenye muhtasari."

"Haliingii, mzee," nikasema. Hapo ndipo nikaikumbuka karatasi ya makamu. Nilikimbia kwenda shule ya msingi ya pale, tulikoazimwa darasa la kufanyia mkutano, nimtafute makamu nimzuie. Hakuwapo. Aliingia mkutano umeshafunguliwa, baiskeli imepata pancha njiani, amejaa vumbi, akakaa mbele na kutoa karatasi yake, akawa anaisoma kimoyomoyo huku midomo inacheza. Nilimkonyeza. Akadhani namtia moyo. Na mimi sikunyanyuka. Ningeweza kunyanyuka, nikamnong'oneza sikioni, hatua nne tu. Niliogopa watu wangejiuliza katibu anajua nini.

Darasa lilijaa. Mafundi walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, juu ya pamba. Wengine walikuwa hawajagusa kitambaa kipya mwaka mzima, ila walikuja na sindano zao zimechomekwa kwenye kola, kama nishani. Tulipofika kwenye mengineyo, makamu akasimama.

Hakuwa msomaji wa haraka. Aliweka kidole kwenye mstari, akainamisha uso, akaanza. "Ndugu wajumbe! Wakati wa hali hii ngumu ya uchumi, yupo mtu kati yetu anayetamba kwa jasho la wanyonge." Maneno yangu yalikuwa yanasikika vizuri sana, kwa bahati mbaya. "Mtu huyo ni mwenyekiti wetu. Mnauliza ushahidi? Ushahidi ameuvaa! Tazameni hilo vazi lake la fahari!"

Wakatazama. Mbele yao palikuwa na mzee mwembamba ndani ya mfuko wa unga.

Kicheko kilianzia kwa akina mama wa nyuma, kikasambaa. Mwenyekiti hakuelewa wanacheka nini, akageuka kuangalia ubao kama kuna kitu kimeandikwa, na kwa kugeuka akawaonyesha mgongo. Mwalimu mmoja aliyekuwa anashona jioni baada ya kazi akasimama akasoma yale ya Kiingereza, akatafsiri kwa sauti: "Ni msaada! Hauuzwi!" Watu wakapiga madawati. Makamu ndipo akainua uso. Nilimwona akimtazama mzee, akatazama karatasi, akatazama mzee tena, kama mtu aliyeingia nyumba siyo yake.

Akataka kukaa.

"Hapana, Ndugu Makamu," mwenyekiti akasema kwa upole. "Endelea. Karatasi hazipatikani. Usiiache nusu."

Akaisoma yote, sauti inapungua kila mstari, mpaka kwenye "mhujumu wa ufundi" ikawa kama mtu anayeungama. Nyuma mama wa Butiama akasema, bila kuinuka, "Kaa chini mura, kijana wangu, umechoka na baiskeli." Akakaa. Ikapigwa kura ya kumbakiza mwenyekiti, mikono yote ikanyooka, wa makamu wa kwanza kabisa. Tukapitisha maazimio matatu, moja likiwa la kuipongeza kamati ya maandalizi kwa maandalizi. Halafu tukala mbuzi na sato, na kwa saa mbili hivi hali ya uchumi haikuwa ngumu.

Tulipokuwa tunarudi njia panda kwa miguu, mzee akiwa amevaa koti lake bichi juu ya shati la unga, nilibaki nyuma naye makusudi. Nilitaka kumweleza habari ya ile karatasi. Akanianza yeye.

"Herufi zako za g zina mkia mrefu," alisema. "Nazisoma kwenye mihtasari miaka miwili sasa. Karatasi ya mwenzetu nimeiona kwa mbali tu nikazitambua."

Nilisimama nikalia pale barabarani. Akaningoja nimalize.

"Alikupa nini?"

"Sabuni, mzee."

"Mche?"

"Nusu."

"Nusu!" Hapo ndipo kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona ameumia. "Na mgongoni nimeandikwa siuzwi!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika magoti, na mimi huku makamasi yananitoka nikacheka naye. Halafu akasema, "Kitambaa cha mwaka juzi, ukitoa zile kanga saba za Bunda, kililiwa na panya ghalani kabla hakijatufikia. Nilimsainia karani wa ghala kwamba tumekipokea chote, kwa sababu aliniomba kwa ajili ya watoto wake. Hilo ndilo kosa langu. Ungeandika hilo ningekosa jibu."

Sikuliandika kokote mpaka leo.

Kibali cha sukari kilitoka wiki mbili baada ya mkutano. Mgao nao ulikuja, maana serikali haisemi uongo: maboksi ya zipu, zote zambarau. Kitambaa cha kuzishonea kiliahidiwa. Mwaka ule nilijifunza zipu vizuri sana, nikizitia na kuzitoa kwenye suruali moja.

Kisha mambo yakafunguliwa. Miaka michache tu na madukani kukawa na uzi wa rangi ambazo hatukujua majina yake, na vitenge, na sabuni za kunukia mpaka unaona aibu kuoga. Tukasema, sasa ufundi umefufuka. Wiki hiyohiyo yakaingia marobota ya mitumba. Shati la Mzungu lililokwishashonwa, lenye mgongo na mikono yote miwili, likawa rahisi kuliko vifungo vyangu. Wa kwanza kufungua robota sokoni Bunda alikuwa makamu wetu, na alipaza sauti vizuri, hakuhitaji kuandikiwa.

Tuliitisha mkutano mkuu mmoja wa enzi mpya. Ulifanyika Musoma, ukumbi wa kukodi, ajenda zimepigwa chapa, soda kreti tatu, biskuti. Hakuna kikao hata kimoja cha kujadili chai. Tulikuja watu saba. Wengine walituma salamu kwamba wana biashara. Mama wa Butiama alifika na basi, akazitazama soda zilivyojipanga, akanisogelea. "Zile siku tulikuwa hatuna kitu, tulikosa mahali pa kukaa," akasema. "Leo nachagua kiti."

Mwenyekiti alitusubirisha saa moja, pengine watu wangetokea, halafu akafunga kikao kwa dua. Mwaka uliofuata alifunga na duka lake la kushonea, akampangishia muuza redio, akawa anakaa nje akiwapunguzia watu viuno vya suruali za Ulaya, kwa mkono, mishono ileile ambayo wenye suruali hawakuwahi kuigeuza waione. Alifariki kabla ya mvua za vuli. Mazishini makamu alilia kuliko watoto wa marehemu.

Mimi niliokolewa na sare za shule. Wazungu wana kila kitu, lakini watoto wao hawavai kaptula za kaki na sketi za bluu za shule zetu, kwa hiyo kwenye robota hazimo. Kila mwezi wa kwanza wazazi wa Makoko hujipanga mlangoni kwangu, wote wamechelewa, wote wanataka kesho.